Alamu ya gari ya kujitengenezea ikisumbua: anza na dalili

Mwongozo huu ni wa mtu aliyejitengenezea alamu kwenye gari la ufunguo wa kuzungusha na betri ya volti 12, mfano Corolla, Probox, Noah au Hiace za namna hiyo. Vifaa tunavyovizungumzia ni hivi vinavyopatikana kwenye maduka ya elektroniki: Arduino Nano moja (kibao kidogo kinachoendeshwa kwa programu) ya kuendesha mfumo, kishusha volti cha LM2596, relei ya gari ya miguu mitano na ampea 40, kihisi mtikisiko cha SW-420, rimoti ya megahezi 433 na king'ora cha volti 12. Wanaotaka ujumbe wa simu huongeza SIM800L, kifaa cha mtandao wa simu (GSM), na kipokezi cha GPS cha NEO-6M.

Malalamiko ya watu hujirudia, na mengi hayatokani na programu. Chanzo ni umeme: ethi mbovu (njia ya umeme kurudi upande hasi wa betri kupitia bodi ya gari), viungo vya kusokota na tepu, transista ndogo kuliko kazi iliyopewa. Kwa hiyo kabla hujafungua kompyuta kubadili programu, shika mita ya kupimia umeme.

Vipimo viwili kabla ya kitu chochote

Pima betri asubuhi, kabla gari halijawashwa. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. Volti 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12.0 ichaji kwanza, maana kwenye betri ya namna hiyo kila kipimo kitakudanganya. Washa injini upime tena: inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikipita 15, alternata haidhibitiwi. Ng'oa fyuzi ya alamu na umpelekee fundi gari, vinginevyo kila kifaa kipya utakachofunga kitaungua.

Kipimo cha pili ni cha ethi. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye ethi ya alamu, kisha kilize king'ora. Ikisoma chini ya volti 0.1, ethi ni nzima. Ikisoma 0.5 au zaidi, umepata ugonjwa wako: kwangua rangi mpaka bati ling'ae, funga kwa bolti na kichwa cha waya cha pete kilichobanwa kwa koleo. Skrubu ya plastiki ya dashibodi si ethi, hata kama imeingia kwenye chuma chembamba nyuma yake.

Betri imekufa asubuhi

Chanzo cha kwanza ni relei inayovuta umeme usiku kucha. Koili ya relei ya ampea 40 ina takriban ohmu 85, kwa hiyo hula kama miliampea 140. Kwa siku nzima hizo ni ampea-saa 3.4. Betri ya ampea-saa 45 itafika nusu ndani ya siku sita au saba, na kama imechoka, siku tatu zinatosha.

Cha pili ni Nano, SIM800L na taa zake ndogo zinazowaka muda wote. Cha tatu ni gari lenyewe: taa ya buti isiyozima, redio iliyofungwa vibaya. Usilaumu alamu kabla hujapima.

Namna ya kupima: toa ufunguo, bonyeza komeo la mlango kwa bisibisi ili gari lidhani umefungwa, kisha funga alamu kwa rimoti, yaani ianze kulinda. Fungua kebo hasi ya betri. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, weka mita katikati ya kebo na nguzo, usubiri dakika 20 hadi 30 kompyuta za gari zilale. Kama umefunga GSM, isubiri kwanza imalize kutafuta mtandao. Ukiwa katika kipimo hiki usipige stata wala usizungushe ufunguo, kwa sababu fyuzi ya mita itakatika hapo hapo. Chini ya miliampea 50 gari liko salama. Ikizidi, ng'oa fyuzi ya alamu: kiasi kilichopungua ndicho chako, kilichobaki ni cha gari.

Tiba ya relei ni kubadili mahali koili inapopata umeme. Usiipe umeme wa moja kwa moja kutoka betri. Ipe kutoka waya wa swichi unaopata umeme ufunguo ukiwa kwenye ON, ili gari likiegeshwa koili isile chochote. Nano nayo ilaze kwa programu na utoe ile taa yake nyekundu ya umeme. Betri iliyochoka haitibiwi kwa programu, ibadilishe.

Ufunguo unazungushwa, stata kimya

Hapa lazima tukubaliane relei imefungwaje, maana nusu ya matatizo yanazaliwa hapa. Waya mwembamba wa stata unaotoka kwenye swichi unakatwa. Ncha ya upande wa swichi inakwenda mguu wa 30, ncha ya upande wa stata inakwenda 87. Mguu wa 86 unapata umeme wa ON, 85 unakwenda kwenye transista inayoendeshwa na Nano. Mguu wa 87a haufungwi kitu, unafunikwa. Kwa mpangilio huu mwizi akikata nyaya za alamu gari halipigi stata, lakini injini iliyokwisha kuwaka haiguswi. Wapo wanaotumia 30 na 87a ili alamu ikiharibika gari liwake. Ni rahisi kwa mwenye gari, na ni rahisi vilevile kwa mwizi mwenye mkasi.

Vyanzo, kuanzia kinachotokea zaidi:

1. Mguu wa 86 umeunganishwa kwenye waya wa ACC, ule wa redio. Umeme wa ACC hukatika wakati wa kupiga stata, relei inaachia, stata inakaa kimya. Weka mita kwenye 86 na umwombe mtu apige stata. Umeme ukipotea, umekosea waya. Tafuta ule unaobaki hai kwenye ON na kwenye stata.

2. Transista ni ndogo. BC547 huvumilia miliampea 100 tu, na koili inataka 140. Inafanya kazi wiki moja, siku ya jua kali inaungua. Weka BC337 au BD139, na rezista ya ohmu 470 kutoka Nano kwenda kwenye besi, mguu wa transista unaopokea amri.

3. Hakuna diodi juu ya koili, au imegeuzwa. Koili ikikatiwa umeme hurudisha volti kali za kinyume, zinazoua transista taratibu. Funga 1N4007, mstari wake uelekee upande wa chanya, yaani 86. Ikigeuzwa, umeme wa 86 utapita kwenye diodi na kuunguza transista mara ya kwanza tu.

4. Viungo vya waya wa stata vimelegea. Waya huu hubeba ampea nyingi kwa muda mfupi. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, banwa kwa koleo na kufunikwa kwa mpira wa kusinyaa. Tepu hulainika kwenye joto la dashibodi, gundi inateleza, nyaya zinabaki uchi.

Kupima haraka: weka gia kwenye P, au N kwa gari la mkono, vuta breki ya mkono, chomoa relei kwenye soketi, kisha unganisha tundu la 30 na la 87 kwa kipande cha waya mnene na upige stata. Ikipiga, ugonjwa uko upande wa koili na Nano. Isipopiga, rudi kwenye viungo, betri au stata yenyewe.

Vile vijirelei vya bluu vilivyobandikwa kwenye kibao visibebe waya wa stata. Vimeandikwa ampea 10, na cheche za stata huunganisha midomo yake. Hapo unapata kinyume cha tatizo, nalo ni baya zaidi: alamu imefungwa, taa inamulika kama kawaida, na gari linawaka kwa yeyote. Kila mwezi jaribu kupiga stata alamu ikiwa imefungwa. Ikipiga, badilisha relei siku hiyo hiyo.

Stata inapiga kidogo, inakata, inarudia

Wakati wa kupiga stata volti za betri huanguka mpaka 10 au 9, na kwa sekunde ndogo sana zinaweza kushuka zaidi. Kidhibiti cha volti cha 7805, ambacho wengine hukifunga badala ya LM2596, kinahitaji volti 7 kwenda juu. Kikikosa, Nano inazimika, relei inaachia, stata inakata, volti zinarudi, Nano inaamka, mchezo unaanza upya.

Pima betri kwanza wakati stata inapiga. Ikishuka chini ya 9.6 kwa betri iliyochajiwa, betri au vichwa vyake ndivyo vibovu na alamu inakuonyesha tu. Ikiwa betri ni nzima, tumia LM2596 badala ya 7805, na mbele yake weka diodi ya 1N5819 ikifuatwa na kapasita ya mikrofaradi 4700, volti 25 au zaidi. Diodi inazuia stata isinyonye umeme wa kapasita, kapasita inailisha Nano mpaka volti zirudi. Baada ya fyuzi, kabla ya diodi, funga diodi ya kinga ya P6KE24A kwenda ethi ili ikate miruko mikali ya umeme wa gari.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hulisahau. Nano ikiwa inaamka, miguu yake haina amri yoyote kwa muda mfupi. Weka rezista ya kilo-ohmu 10 kutoka besi ya transista kwenda ethi ili relei isirukeruke. Na hali ya alamu, imefungwa au imefunguliwa, ihifadhiwe kwenye EEPROM, kumbukumbu ya Nano isiyofutika umeme ukikatika, kila inapobadilika. Bila hivyo mwizi anafungua kebo ya betri, anairudisha, na alamu inaamka ikiwa imesahau kila kitu.

Injini inazimika gari likitembea

Acha kuendesha. Hili halijadiliwi wala halivumiliwi mpaka Jumamosi. Injini ikizimika, usukani wa nguvu unakuwa mzito, na breki hubaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu kabla ya kuwa ngumu. Kwenye mteremko, mahesabu yako ya umeme hayatasaidia mtu.

Sababu karibu kila mara ni kwamba aliyefunga amekata pampu ya mafuta au waya wa kuwashia injini badala ya waya wa stata, halafu kiungo kikalegea au Nano ikajizima. Wengine hufanya hivyo makusudi ili wazime gari kwa ujumbe wa simu likiwa linakimbizwa. Tunasema wazi: usijenge kitu hicho. Gari linalozimwa katikati ya barabara linaweza kumgonga asiyehusika na wizi wala alamu. Ukitaka kuzima kwa simu, amri izuie stata isipige tena baada ya injini kuzimwa kwa ufunguo, basi.

Tiba: rudisha waya wa pampu au wa kuwashia kama ulivyotoka kiwandani, kiungo kibanwe na kufunikwa, uhamishie relei kwenye waya wa stata. Injini ikiendelea kuzimika alamu ikiwa imeondolewa kabisa, hilo ni tatizo la gari na linahitaji fundi.

King'ora kinalia bila mtu kugusa

SW-420 iliyokazwa sana inaongoza. Geuza kile kiskrubu chake robo mzunguko kwa kila jaribio. Kipimo kizuri ni kiganja: piga kioo cha mlango kwa kiganja, kilie, lori likipita, kisilie. Kiskrubu peke yake hakitoshi, kwa hiyo programu isubiri mishtuko mitatu ndani ya sekunde mbili. Kihisi kifungwe kwenye chuma imara chini ya dashibodi, kisiachwe kikining'inia kwenye nyaya zake.

Kikilia, kikanyamaza, kikaanza tena bila mwisho, king'ora chenyewe kinakitikisa kihisi. Amuru programu isisikilize SW-420 kwa sekunde 10 baada ya sauti kukatika.

Swichi za milango hufuata. Vumbi na maji ya kuoshea gari huingia, kutu inatengeneza njia ya umeme. Ng'oa swichi, safisha kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, kagua mpira wake. Kwenye Toyota nyingi swichi hizi hugusa ethi mlango ukifunguliwa: mita itasoma 0 mlango wazi na karibu 12 ukifungwa. Hizo volti 12 zinatoka kwenye taa ya ndani, na zikiingia moja kwa moja kwenye mguu wa Nano wa volti 5, mguu unakufa. Weka diodi ya 1N4148, mstari uelekee upande wa swichi, rezista ya kilo-ohmu 4.7 kutoka volti 5 hadi mguu wa Nano, na kapasita ya nanofaradi 100 kutoka mguu huo kwenda ethi. Bila rezista hiyo waya mrefu wa mlango unaokota kelele za umeme, na alamu inalia kila feni ya injini inapoanza.

Kama taa ya ndani inafifia polepole baada ya mlango kufungwa, alamu itaona mlango uko wazi. Isubirishe sekunde 45 kabla ya kuanza ulinzi.

Kihisi cha joto la mwili kile cha PIR usikitumie ndani ya gari. Kinaona tofauti ya joto kati ya mtu na mazingira, na gari lililoanikwa juani Dar es Salaam au Mombasa lina joto kupita la mwili, huku hewa yake ikizunguka. Mchana kitalia ovyo, na mwizi akiingia kinaweza kumkosa. Hakuna marekebisho ya kukiokoa.

King'ora hakilii, au kinalia kama kinakohoa

Kiunganishe moja kwa moja na betri kupitia fyuzi ya ampea 5. Kikilia kwa nguvu, kosa liko kwenye njia ya umeme: ethi, fyuzi, au relei ndogo iliyochoka. King'ora cha wati 20 huvuta karibu ampea moja na nusu, kwa hiyo transista ndogo haikiwezi. Kikikohoa hata kwenye betri, maji yameingia. Mdomo wake uelekee chini, na kikae mbali na bomba la moshi.

Rimoti inataka uisogelee gari

Badilisha betri ya rimoti kwanza, ni ndogo ya volti 12, kwa kawaida 23A au 27A. Halafu antena: kipande cha waya cha sentimita 17.3, kimenyooka, hakijazungushwa wala kugusa chuma. Kipokezi kikikaa kando ya LM2596 kinasikia kelele za kishusha volti kuliko rimoti, kitenganishe angalau sentimita 20. Tinti yenye chembe za chuma nayo hula mawimbi.

Ukishatatua umbali, fikiria aina ya rimoti. Zile za bei ya chini zenye chipu ya EV1527 au PT2262 hutuma namba ile ile kila mara, na kifaa kidogo cha kunakili kinaiteka ukiwa unafunga gari sokoni. Tafuta yenye namba zinazobadilika, kama HCS301. Hapa usibane matumizi.

Ujumbe wa simu haufiki, au mahali hapaonekani

Angalia taa ya SIM800L. Ikipepesa karibu kila sekunde, bado inatafuta mtandao. Ikipepesa kila sekunde tatu, imeshika. Ikipepesa mara chache kisha kuanza upya, inajizima kwa njaa ya umeme. Kifaa hiki kinataka volti 3.4 hadi 4.4, na kikituma kinavuta mpaka ampea 2 kwa kitambo kifupi. Kipe LM2596 yake peke yake iliyowekwa volti 4.0, na kapasita ya mikrofaradi 1000 mlangoni kwake. Volti 5 zitakiua. Waya wa mawasiliano kutoka Nano nao upite kwenye rezista mbili, kilo-ohmu 10 na 20, ili volti zishuke.

Umeme ukiwa sawa, hamishia laini kwenye simu ya kawaida: ina salio, PIN imeondolewa, haijafungiwa kwa kukaa bila matumizi? SIM800L inajua 2G pekee. Gari likilala mahali ambapo 2G ni dhaifu, badilisha kifaa kwa cha 4G, usihangaike na antena.

NEO-6M inataka kuona anga. Iweke juu ya dashibodi chini ya plastiki, uso wa kauri ukitazama juu. Mara ya kwanza isubiri dakika kadhaa nje, si ndani ya gereji ya bati. Saa ikisoma nyuma kwa saa tatu, kifaa ni kizima: kinatoa saa ya UTC (saa ya kimataifa), ongeza 3 kwenye programu.

Mahali pa kuweka koleo chini

Fyuzi ikikatika mara mbili, usiweke kubwa zaidi. Fyuzi ya ampea 3 kwa Nano na 5 kwa king'ora zinatosha, zikae ndani ya sentimita 20 kutoka betri. Inayokatika inakuambia waya umechubuka mahali fulani, na fyuzi kubwa inahamishia moto kwenye waya huo, nyuma ya zulia.

Nyaya na soketi za njano chini ya usukani na dashibodi ni za mifuko ya hewa. Usizitoboe, usizipime kwa mita wala kwa taa ya majaribio. Ukilazimika kufanya kazi karibu nazo, fungua kebo hasi ya betri na usubiri zaidi ya sekunde 90. Taa ya SRS (ya onyo la mifuko ya hewa) ikiwaka baada ya kazi yako, gari liende kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta.

Kebo za rangi ya chungwa kwenye magari ya haibridi zina volti zinazoua. Prius ya kizazi cha tatu ina betri ya volti 201.6. Magari hayo, na yote ya kitufe cha kuwashia, hayafai kwa saketi hii.

Gari la otomatiki likipiga stata gia ikiwa kwenye D, umeruka swichi ya gia. Chomoa alamu, lifungie magurudumu kwa mawe, na mwite fundi umeme wa magari aje lilipo. Vivyo hivyo ukisikia harufu ya plastiki inayoungua: fungua kebo hasi kwanza, tafuta chanzo baadaye, na usiirudishe mpaka waya uliopata moto umeonekana kwa macho.